Wadaiwa (uhasibu)

Wadaiwa, katika uhasibu, ni watu au taasisi waliochukua bidhaa au huduma ambazo hawajazilipia. Neno hilohilo hutumika pia kwa jumla ya fedha wanazotakiwa kulipa. Kinyume chake ni wadai, yaani wale ambao biashara yenyewe haijawalipa.

Maneno yote mawili yanatokana na kitenzi "kudai", na wanafunzi huyachanganya mara kwa mara. Kinachoyatenganisha ni kiambishi -w- cha kutendwa: mdai anadai, mdaiwa anadaiwa. Neno "deni" halisaidii hapa, maana mtu hukusanya madeni na hulipa madeni.

Mfano wa Mgeta

Katika tarafa ya Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, wakulima hupanda kabichi, karoti na viazi mviringo kwa ajili ya masoko ya Morogoro mjini na Dar es Salaam. Tuseme mkulima wa Nyandira amemwuzia mchuuzi magunia 10 ya karoti kwa shilingi 50,000 kila moja, akapewa 200,000 papo hapo. Mchuuzi ameahidi kuleta 300,000 zilizobaki akishauza. Wafanyabiashara huita utaratibu huo "mali kauli", kwa kuwa dhamana yake ni neno la mnunuzi tu.

Katika daftari la mkulima, 300,000 hizo hubaki upande wa debiti wa akaunti ya mchuuzi, na kwenye mizania huhesabiwa kuwa mali yake. Kwa mchuuzi kiasi hichohicho ni dhima, na mkulima ni mmoja wa wadai wake. Mauzo ya 500,000 huhesabiwa siku karoti zilipokabidhiwa, si siku fedha zitakapofika. Ndiyo maana mkulima anaweza kuonyesha faida daftarini huku hana fedha za mbegu na mbolea za msimu unaofuata.

Deni lisilolipika

Matumaini ya kulipwa yakiisha, kiasi hicho huondolewa katika wadaiwa na kuandikwa kuwa hasara. Wenye biashara ndogo wengi hawafanyi hivyo, na hesabu zao huonekana nono kuliko hali halisi.

Tanzania Bara, sheria ya ukomo (Sura ya 89) inampa mdai miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba, tangu siku deni lilipopasa kulipwa. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake kabla muda huo haujaisha, miaka 6 huanza kuhesabiwa upya. Kukiri kwa mdomo peke yake hakutoshi.