Goma hadi Butembo kwa kuzunguka: hesabu ya kwenda kuwaona wamisionari

Zamani mzazi wa Goma ambaye binti yake anaweka nadhiri Butembo hakuwa na hesabu ngumu. Gari lilitoka alfajiri, likapita Rutshuru, Kanyabayonga na Lubero, kilomita zipatazo 300 za mashimo na vumbi, na ukijaliwa unafika bila kulala njiani zaidi ya usiku mmoja. Mwenye uwezo alipanda ndege ndogo hadi Rughenda, au Mavivi ya Beni. Hesabu hiyo imekufa. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa vita vilipofika mjini mwishoni mwa Januari 2025, na barabara ilikuwa imekatwa hata kabla ya hapo: waasi wa M23 waliichukua Kanyabayonga Juni 2024, na Desemba hiyo wakafika Alimbongo, ndani ya Lubero.

Lakini watu bado wanakwenda. Wamisionari Waasumpsionisti wako eneo la Beni na Lubero tangu mwaka 1929, na watoto wa Goma wako katika nyumba zao na za masista kama wanovisi, wauguzi na walimu. Jubilei hazingoji amani. Swali la msafiri ni njia ipi, na itamla kiasi gani.

Nianze na ile ya moja kwa moja, maana bado wapo madereva wa pikipiki wanaoiuza. Watakutajia nauli ndogo kuliko njia nyingine zote, na nauli hiyo ni ya kweli. Wasichokutajia ni bariera. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, na wakati huo majimbo hayo hayakuwa yamegawanyika vipande kama sasa. Msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulipotoka Bagamoyo Juni 1878 ulilipa hongo kwa kila mtemi hadi Tabora. Msafiri wa Lubero analipa kwa kila kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, upande mmoja kwa wenye bunduki hawa, upande wa pili kwa wale. Bei ya kila kamba hutaijua mpaka uifikie. Mimi njia hii siihesabu kama chaguo, kwa bei yoyote.

Zinabaki njia tatu, na zote zinapita Uganda.

Ya kwanza inaanzia Gisenyi. Unavuka mpaka kwa miguu, unapanda basi hadi Musanze, unabadilisha gari la Cyanika, unaingia Kisoro, kisha Kabale, Mbarara, Kasese, na mwisho Mpondwe. Ukijumlisha na kipande cha Kasindi hadi Butembo unapita kilomita 600, zaidi ya mara mbili ya barabara ya zamani, ili kufika mji ambao uko kaskazini yako tu. Inauma. Lakini angalia jinsi pesa inavyotoka. Upande wa Rwanda nauli zinapangwa na mamlaka ya udhibiti, RURA, unapewa tiketi, na hakuna wa kukuongezea kwa sababu una mzigo wa sherehe. Upande wa Uganda taksi za abiria 14 zinajadiliana, hasa wakisikia Kiswahili cha Kongo, ila bei unaambiwa kabla ya kukaa. Ongeza usiku mmoja wa malazi. Mimi ningelala Mbarara kuliko Kabale, maana Kabale kuna baridi na asubuhi yake bado una safari ndefu. Tahadhari moja ndogo: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Sabuni, mchele na zawadi nyingine zihamishie kwenye magunia au vikapu ukiwa bado Goma, la sivyo utavipakua mbele ya askari wa forodha huku foleni ikikusubiri.

Ya pili ni Bunagana, kilomita 89 kutoka Goma kupitia Rutshuru. Uganda iliufungua tena mpaka huu Julai 2025, miaka mitatu baada ya M23 kuuteka mji. Inakuunganisha na Kisoro ileile, inakuepusha na Rwanda, na kwenye karatasi ndiyo nafuu kidogo. Tofauti yake na Cyanika ni kwamba kilomita hizo 89 ni za upande wetu, na kwa kipande hicho umerudi kwenye hesabu ya kubahatisha. Kibumba, alipouawa balozi wa Italia Luca Attanasio tarehe 22 Februari 2021, iko kwenye barabara hiyohiyo.

Ya tatu ni Ishasha. Huu ni ufupisho wa kweli: kutoka Kiwanja unashuka Nyamilima, unavuka, na badala ya kuzunguka Kabale na Mbarara unakata moja kwa moja Hifadhi ya Queen Elizabeth hadi Katunguru, karibu na Kasese. Unaokoa kilomita nyingi na pengine usiku wa malazi. Ila barabara ya Kiwanja hadi Ishasha ina historia ndefu ya utekaji, na ile ya hifadhini ni ya udongo. Miezi ya mvua malori hukwama katikati, na ukikwama nyuma ya lori huwezi kuteremka kunyoosha miguu ovyo, kwa sababu majirani zako ni tembo na simba wanaopanda miti. Kijana mwenye begi moja na muda wa kutosha anaweza kuifikiria wakati wa kiangazi. Mama mwenye watoto, hapana.

Kasese zote zinakutana, na kutoka hapo hakuna tena cha kuchagua. Mpondwe unavuka mto Lhubiriha, unaingia Kasindi, kilomita 80 hadi Beni na 54 nyingine hadi Butembo. Hiki ndicho kipande ambacho watu wa Goma hukisahau wanapojisifu kwamba wamekwepa vita. Kanisa la Kasindi lililipuliwa bomu Januari 2023, shule ya Lhubiriha ng'ambo ya mto ikashambuliwa Juni mwaka huohuo, na mapadri watatu Waasumpsionisti walitekwa Mbau, kaskazini mwa Beni, Oktoba 2012. Safiri mchana, na ukifika Kasindi baada ya adhuhuri, lala hapo.

Sasa pasipoti, ambayo kwa familia nyingi ndiyo gharama kubwa kuliko nauli. Karatasi ya CEPGL inakutosha Gisenyi, lakini jumuiya hiyo ni ya Kongo, Rwanda na Burundi. Uganda haimo, kwa hiyo utafika Cyanika na kugeuzwa. Pasipoti mpya ya Kongo ni dola 75, imeshuka kutoka 99. Watu wanne ni dola 300 kabla hamjagusa mlango wa basi. Afueni ni kwamba ada ya viza kati ya Kongo na Uganda iliondolewa kuanzia Januari 2024. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ya kweli.

Mgeni wa Ulaya anayetaka kumtembelea mmisionari wa kwao nitampa shauri fupi: usipitie Goma kabisa. Shuka Entebbe, panda basi la Kasese, mwambie mwenyeji akungoje Kasindi. Na usidanganyike na viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda ya dola 100. Inakufa ukitoka nje ya nchi hizo tatu, na Kongo ni nje. Chukua ya Uganda ya dola 50, na uhesabu nyingine kama hiyo ya kurudi.

Kuhusu fedha taslimu, benki za Goma zilifunga siku zilezile za Januari 2025 vita vilipofika mjini, na kutoa pesa kwenye simu kuna kamisheni. Ukiwa na ndugu Gisenyi, tolea huko. Dola zako zikague moja moja mezani: noti yenye mchaniko mdogo pembeni Butembo haina kazi, na mbadilishaji wa Mpondwe ataipokea kwa bei ya huruma. Shilingi za Uganda nunua za kutosha safari tu. Na msifikiri nyumba ya mapadri ni hoteli ya bure. Procure, yaani nyumba yao ya kupokea wageni, ina bei yake, na pale msipotajiwa bei, acheni kitu. Jibini ya Masisi inapokelewa kwa furaha kuliko bahasha.

Kwa hiyo kwa familia, au kwaya yenye ngoma na mizigo, chaguo langu ni Gisenyi, Musanze na Cyanika. Ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo unaweza kuandika bajeti yake jioni na ikabaki hivyohivyo kesho. Bunagana iwe akiba ikiwa Rwanda imefunga.

Na kama si nadhiri wala jubilei bali ni kuonana tu, mwombeni padri au sista ruhusa ya siku mbili mkutane Kasese. Nauli ya kipande cha Kasese hadi Butembo atailipa mtu mmoja badala ya wanne, wala hatakuwa mgeni huko: Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Butembo lugha yao ni moja. Lakini mpigieni simu paroko wa Beni au wa Kasindi kabla hamjakata tiketi yoyote, maana barabara ya Kasindi inaweza kufungwa asubuhi bila kumwarifu mtu wa Goma.