Ghala la Mwili: Kwa Nini Kufunga kwa Vipindi Hakumfai Kila Mtu

Katika bonde la Lumuma, upande wa magharibi wa Wilaya ya Kilosa, kilimo cha vitunguu hutegemea maji ya mto yanayoongozwa kwa mifereji hadi mashambani. Ni kilimo cha mikono. Miche hupandikizwa mmoja mmoja, magugu hung'olewa mgongo ukiwa umeinama, na zamu ya maji haimngoji aliyechelewa. Mkulima aliyekula chakula cha usiku saa mbili, akaondoka nyumbani alfajiri bila kula kitu, asipate chakula mpaka saa saba mchana, amekaa saa 17 bila kula. Hakuna anayemwambia kuwa amefanya jambo la ajabu, wala yeye mwenyewe hazihesabu saa hizo.

Siku hiyo hiyo, katika ofisi ya mjini Morogoro au Dar es Salaam, yuko mtu mwingine ambaye naye amekaa saa 17 bila kula. Huyu anazihesabu. Amesikia kwamba kufunga kwa vipindi hupunguza unene, hushusha sukari katika damu na kurefusha maisha. Jioni atawapigia simu ndugu zake walioko kijijini na kuwashauri wafanye vivyo hivyo.

Saa ni zile zile, lakini miili si ile ile. Makala haya yanaeleza kwa nini mtindo huu wa kula waweza kumfaa mtu wa pili, usimfae wa kwanza, na ukamdhuru vibaya wa tatu.

Desturi ya zamani, shabaha mpya

Kufunga si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Waislamu hufunga mwezi wa Ramadhani, na Wakristo wengi hufunga wakati wa Kwaresima. Lakini shabaha ya funga hizo ni ibada. Kufunga kwa vipindi kunakozungumzwa hapa kuna shabaha ya afya. Wengine hula katika muda wa saa 8 na kufunga saa 16 zinazobaki. Wengine hula kama kawaida siku tano za wiki, na siku mbili hula kidogo sana.

Si vigumu kuona kwa nini mtindo huu umepata wafuasi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ulionyesha kuwa wenye kisukari hawakufikia hata mtu mmoja katika kila mia. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, uliwakuta watu 9 katika kila mia wakiwa na kisukari, na robo nzima ya waliopimwa ikiwa na uzito uliozidi. Namba hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja, kwa kuwa umri wa waliopimwa na mahali walipoishi havikuwa sawa. Hata hivyo, hapana shaka kwamba unene na kisukari vimeongezeka nchini, na kwamba watu wanatafuta njia ya kujikinga.

Sababu nyingine ya umaarufu huo ni sayansi yenyewe. Mwaka 2016 mtaalamu wa Japani, Yoshinori Ohsumi, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi chembe hai zinavyovunja na kutumia upya sehemu zake zilizochakaa, hasa zinapokosa chakula. Habari hizo zilipoenea, wengi walidhani zimethibitisha kuwa kufunga ni dawa. Yafaa ikumbukwe kwamba uvumbuzi wa Ohsumi ulifanywa kwa kuchunguza chembe za hamira. Kutoka hamira mpaka binadamu ni safari ndefu inayodai uthibitisho wake wenyewe.

Uthibitisho huo, pale unapopatikana, ni wa kiasi. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mji wa Guangzhou, China, kwa watu 139 waliokuwa wanene kupita kiasi. Wote walipunguziwa chakula kwa kipimo kimoja kwa muda wa miezi 12. Nusu yao walitakiwa kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Wengine hawakuwekewa mpaka wa saa. Waliowekewa saa walipungua kilo 8.0 kwa wastani, na wengine kilo 6.3. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kutenganishwa na bahati nasibu. Maana yake ni kuwa kilichowapunguza watu hao hasa ni kula kidogo, na saa ziliwasaidia tu kama ukumbusho.

Debe la jikoni na ghala la nje

Ili kuelewa nani anafaidika na nani anadhurika, yapasa kutazama jinsi mwili unavyoweka akiba. Mfano mzuri ni nyumba ya mkulima. Jikoni kuna debe la unga ambao uko tayari kupikwa. Nje kuna ghala la mahindi: humo mna chakula kingi zaidi, lakini hakiliwi mpaka kipukuchuliwe na kusagwa.

Debe la mwili ni ini. Baada ya mlo, ini la mtu mzima huweza kuhifadhi kiasi cha gramu 100 za wanga uitwao glaikojeni. Ghala la nje ni mafuta yaliyo chini ya ngozi na tumboni. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina nguvu ya kilokalori 7,700 hivi, ilhali gramu 100 za wanga zina kilokalori 400 tu.

Damu yote ya mtu mzima ina gramu 5 hivi za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia gramu 120 kwa siku, sawa na gramu 5 kila saa. Mwanafunzi anaweza kupiga hesabu mwenyewe: kama ini lisingejaza tena kijiko hicho, ubongo ungekimaliza katika saa moja. Na gramu 100 za ini, zikitumiwa na ubongo tu, zingetosha saa 20. Lakini chembe nyekundu za damu nazo zinataka sehemu yao, na misuli ikifanya kazi huchota kutoka katika damu hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu aliyekula usiku huamka debe likiwa limepungua sana.

Hapo ndipo mwili unapofungua ghala la nje. Mafuta huvunjwavunjwa, na ini huyageuza baadhi yake kuwa ketoni ambazo ubongo unaweza kuzitumia. Lakini kazi hiyo haikamiliki mara moja. Wakati ikiendelea, na hasa kama ghala lenyewe ni dogo, mwili huvunja pia protini ya misuli ili kutengeneza glukosi. Ni sawa na mwenye nyumba anayeng'oa boriti za ghala lake apate kuni za kupikia.

Mlango wa ghala hutawaliwa na kichocheo kiitwacho insulini, kinachotengenezwa na kongosho. Mtu akila, insulini huongezeka na kuufunga mlango: chakula kinaingizwa, hakitolewi. Akikaa bila kula, insulini hupungua na mlango hufunguka. Mwenzake, glukagoni, huliamuru ini litoe sukari.

Kutokana na maelezo hayo, mtu anayetaka kufunga anapaswa kujiuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: ghalani mna nini?

Yule mtu wa ofisini mwenye kilo 15 za mafuta ya ziada ana akiba ya zaidi ya kilokalori 115,000. Akiruka mlo wa asubuhi, ghala lake halitingishiki. Mkulima mwembamba hana akiba hiyo. Njia rahisi ya kukadiria ni kugawa uzito kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Mtu wa kilo 50 mwenye urefu wa mita 1.65 hupata 18.4, na kipimo kilicho chini ya 18.5 kwa mtu mzima ni dalili ya wembamba uliozidi. Mtu wa namna hiyo hana cha kupunguza.

Aidha, katika sehemu nyingi za vijijini iko miezi ya dhiki, akiba ya mavuno yaliyopita inapokwisha na mavuno mapya hayajaiva. Aghalabu miezi hiyo ndiyo ya kulima na kupalilia, kazi inapokuwa nzito kuliko wakati wote. Kaya iliyo katika hali hiyo imekwisha funga bila kupenda, na kuishauri iruke mlo ni kuiongezea njaa.

Swali la pili: ghala linalisha wangapi?

Akiba huisha upesi zaidi matumizi yanapokuwa makubwa. Anayeshika jembe kutwa aweza kutumia zaidi ya kilokalori 3,000 kwa siku. Mama anayenyonyesha hutumia kiasi cha kilokalori 500 za ziada kwa ajili ya maziwa. Mjamzito analisha miili miwili kutoka katika debe moja. Akikosa mlo, sukari ya damu yake hushuka na ketoni hupanda mapema kuliko kwa mwanamke asiye na mimba.

Mtoto ana ubongo mkubwa kwa kulinganisha na mwili wake, na ini dogo. Debe lake ni dogo na mlaji ni mkubwa. Ndiyo maana sukari ya damu yaweza kushuka kwa hatari kwa mtoto mgonjwa asiyekula, hasa mwenye malaria kali.

Kijana wa sekondari naye anajenga mifupa, misuli na damu. Msichana anayejinyima chakula kwa muda mrefu ili apungue aweza kukoma kupata hedhi, na mifupa yake ikakosa uimara katika miaka ambayo ilipaswa kuupata. Umri huo si wa kufunga kwa ajili ya umbo.

Swali la tatu: ufunguo uko mkononi mwa nani?

Hili ndilo swali lenye hatari ya ghafla. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, kama glibenklamidi, hatawali tena mlango wa ghala lake. Dawa ndiyo inayoutawala. Akifunga huku ametumia kipimo kile kile cha dawa, debe huisha wakati mlango wa ghala ungali umefungwa. Sukari hushuka, na ubongo hukosa chakula.

Uchunguzi mmoja mkubwa uliofanywa mwaka 2001 kwa Waislamu zaidi ya 12,000 wenye kisukari, katika nchi 13, ulionyesha kwamba mishuko mikali ya sukari iliongezeka mara 4.7 wakati wa Ramadhani kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Wala kuacha dawa si suluhisho. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, mlango hubaki wazi bila mlinzi, ketoni hujaa katika damu, naye aweza kufa. Ni daktari tu anayeweza kupanga upya dawa zake.

Sheria ya dini yenyewe imelitambua jambo hili tangu zamani: Qur'ani inampa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kutofunga. Ingekuwa ajabu ikiwa mtindo wa kupunguza unene ungekuwa mkali kuliko ibada.

Wako na wengine wanaohitaji ushauri kabla ya kufunga: wenye vidonda vya tumbo, wenye maradhi ya figo, na wenye selimundu. Hawa wa mwisho wakikosa maji ya kutosha, chembe zao nyekundu hugeuka umbo la mundu kwa urahisi zaidi na kuziba mishipa midogo, na maumivu makali hufuata.

La kufanya darasani na nyumbani

Mwalimu afahamu dalili za sukari kushuka: jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, kuchanganyikiwa, na mwisho degedege au kuzimia. Kama mgonjwa ana fahamu na anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha apate chakula. Kama amezimia, asimiminiwe kitu chochote mdomoni, maana kitaingia katika mapafu. Alazwe kwa ubavu na kupelekwa hospitali bila kuchelewa.

Ama yule mtu wa ofisini, yeye aweza kuendelea na mpango wake iwapo ni mzima, ana uzito wa kupunguza, na hali kupita kiasi katika zile saa 8. Lakini kabla ya kuwapigia simu ndugu zake wa Lumuma, aulize kwanza. Je, mama anatumia dawa gani za kisukari? Je, shemeji ni mjamzito? Je, mdogo wake anayesoma kidato cha pili hutembea mwendo gani kufika shuleni, naye hula nini kabla ya kuondoka? Pengine majibu yatamwonyesha kwamba katika nyumba ile kinachohitajika ni uji wa asubuhi.