MKOROSHO UNAUMWA NINI? TUMTAMBUE ADUI KABLA YA KUNUNUA DAWA

Kwetu Nachingwea na Ruangwa korosho ndiyo ada ya shule. Ndiyo bati la nyumba. Mkorosho ukiugua, nyumba nzima inaugua.

Lakini wengi wetu tukiona majani yameharibika, tunasema neno moja tu: "Mkorosho umeungua." Kisha tunakwenda dukani. Tunanunua dawa gani? Ile aliyonunua jirani. Hapo ndipo fedha inapopotea, maana jirani huenda ana ugonjwa mwingine kabisa. Leo tujifunze kutofautisha maadui watatu. Wawili ni kuvu, mmoja ni mdudu.

KUVU NI NINI?

Ukiacha ugali siku chache, unaota ukungu. Ukungu huo ni kuvu. Uyoga nao ni kuvu. Kuvu haiwezi kujitengenezea chakula kama mmea. Hula chakula cha mwingine. Zile zinazoleta magonjwa shambani hula mmea ungali hai.

Kuvu huzaa kwa vijimbegu vidogo sana, vidogo kuliko vumbi. Upepo au matone ya mvua huvihamisha kutoka mti hadi mti. Kwa hiyo ugonjwa wa shamba la jirani si wa jirani peke yake.

ADUI WA KWANZA: UBWIRIUNGA

Huu unafanana na unga mweupe au wa kijivu. Hushika majani machanga, maua na korosho changa. Maua hukauka kabla ya kufunguka, na ua lililokauka halizai korosho. Kwa miaka mingi wataalamu wameiita kuvu hii Oidium anacardii.

Ubwiriunga hauhitaji mvua. Hupenda wakati wa kiangazi chenye baridi na unyevu wa usiku. Wakati huo ndio mikorosho yetu inatoa maua. Basi adui anafika siku ileile ya karamu.

Hasara yake tunaijua. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa. Watu walihamia vijijini wakaacha mashamba yao mbali, na bei ilikuwa ndogo. Ubwiriunga nao ulioingia mwishoni mwa miaka ya 1970 ulichangia sana. Baadaye wakulima walijifunza kupuliza salfa na kutunza mashamba, na bei ikapanda. Msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000.

ADUI WA PILI: BLAITI

Hii nayo ni kuvu, lakini haina unga. Huleta madoa ya rangi ya kahawia au nyeusi kwenye majani. Madoa hukua, huungana, na jani huonekana kama limepitiwa na moto. Korosho changa nazo hupata madoa meusi. Blaiti hupenda mvua na majani yaliyolowa. Wataalamu wetu waliitambua nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000.

ADUI WA TATU: MBU WA MIKOROSHO

Huyu ni mdudu. Hufyonza utomvu wa machipukizi, majani machanga na korosho changa. Pale alipofyonza hubaki doa jeusi, na chipukizi hunyauka kuanzia ncha. Ndiyo maana watu humchanganya na blaiti. Lakini salfa haimuui mbu huyu. Ukimpulizia salfa, umetupa fedha.

Wapo pia wadudu wanaotusaidia. Maji moto, wale wanaoshona majani kujenga viota, humfukuza mbu wa mikorosho. Dawa ya wadudu ikipulizwa ovyo huua maji moto pia.

NAMNA YA KUKAGUA

1. Nenda shambani asubuhi. Kagua miti kadhaa, ya katikati na ya pembeni.

2. Futa jani changa kwa kidole. Kidole kikitoka na unga mweupe, shuku ubwiriunga. Vumbi jekundu la barabarani lisikudanganye. Hilo hukaa hata kwenye majani makavu.

3. Kama hakuna unga ila kuna madoa, tafuta mdudu kwenye machipukizi. Tazama pia kama machipukizi yananyauka kutoka nchani.

4. Andika katika daftari tarehe, sehemu iliyoshikwa, na kama mvua imenyesha. Kusoma na kuandika ulikojifunza kunafanya kazi hapa.

5. Ukiwa na mashaka, chuma majani yaliyoanza kuugua karibuni. Yafunge kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki, maana humo huoza. Mpelekee bwana shamba au bibi shamba. Madoa ya magonjwa mawili huweza kufanana, na jicho peke yake halitoshi. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, wana hadubini za kuitazama kuvu yenyewe.

KINGA

Panda kwa nafasi, mita 12 kwa mita 12. Pogoa matawi yaliyosongamana, hewa na jua vipite. Kata machipukizi yanayoota chini ya mti, kwani ubwiriunga hujificha humo ukisubiri maua.

Salfa ya unga ni kwa ubwiriunga. Anza mapema, maua yanapochomoza. Ukingoja mpaka yamekauka, salfa haitayafufua. Puliza alfajiri, upepo umetulia. Funika pua, mdomo na macho. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ubwiriunga na blaiti zinatofautianaje?
2. Kwa nini salfa haisaidii dhidi ya mbu wa mikorosho?
3. Katika kijiji chenu, shamba moja likiachwa pori, nani anapata hasara?