Onyo Kabla ya Nguvu

Umati wa watu ukikusanyika, na askari wakatumwa kuutawanya, neno la kwanza kuulizwa baadaye ni hili: Je, watu walionywa, na walipewa nafasi ya kuondoka? Kanuni za polisi za kutuliza ghasia zimekua kwa kulizunguka swali hilo, na mara nyingi hatua mpya iliandikwa baada ya watu kuzikwa.

Huko Uingereza, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1715 iliagiza kwamba watu 12 au zaidi wakifanya ghasia, hakimu awasomee tangazo la kuwaamuru watawanyike, nao wapewe muda wa saa moja. Katika karatasi jambo lilikuwa wazi. Lakini tarehe 16 Agosti, 1819, watu wapatao 60,000 walikutana katika uwanja wa St Peter's Field, Manchester, kudai haki ya kuchagua wabunge. Mahakimu walisema baadaye kwamba tangazo lilisomwa. Wengi waliokuwapo hawakulisikia kabisa. Askari wa farasi waliingia na panga kabla saa haijaisha, wakafa watu wapatao 15, na mamia wakajeruhiwa. Karani yeyote ajua kwamba barua isiyomfikia mtu haiwezi kudaiwa jibu. Mahakimu wale hawakulifikiri jambo hilo. Mwaka 1829 Robert Peel akaunda polisi wa London, ambao silaha yao ya kila siku ilikuwa kirungu.

Ng'ambo mambo yalikuwa mengine. Mjini Amritsar, Bara Hindi, asubuhi ya tarehe 13 Aprili, 1919, Jenerali Dyer alipiga marufuku mikutano, na tangazo likapigiwa ngoma katika baadhi ya sehemu za mji tu. Wengi waliokutwa jioni katika Jallianwala Bagh walikuwa watu wa vijijini waliokuja kwa sikukuu. Dyer hakuwaonya tena. Askari wake walipiga risasi 1,650 kwa muda wa dakika 10 hivi, na hesabu ya serikali ilikuwa wafu 379. Mwaka 1920 kamati ya Lord Hunter ilimlaumu kwa mambo mawili: kutotoa onyo, na kuendelea kupiga watu waliokuwa wakikimbia. Ndipo maofisa wakafundishwa kwa mkazo zaidi kutumia nguvu ndogo kabisa inayotosha.

Mafundisho hayo hayakuwaokoa watu waliofika kituo cha polisi cha Nairobi tarehe 16 Machi, 1922, kutaka Harry Thuku afunguliwe. Hesabu rasmi ilitaja wafu 21, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru. Wengine walisema ni zaidi sana.

Katika sheria ya jinai ya Kenya idadi ile ya watu 12 ingalipo, pamoja na tangazo lake, ila badala ya saa moja umewekwa muda wa kadiri. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 yaagiza askari aanze na njia zisizo za nguvu. Akikusudia kutumia bunduki ajitambulishe, aonye waziwazi, na kungoja onyo lifuatwe, isipokuwa kungoja kungehatarisha maisha. Tena amri ya mkubwa si udhuru. Hayo yote yalikuwa yameandikwa tayari tarehe 25 Juni, 2024, watu walipopigwa risasi wakafa karibu na Bunge, Nairobi.