Sukari inapogeuka asidi: hatari ya malaria kali kwa watoto

MTOTO mwenye malaria anapoanza kuhema kwa kasi na kwa kina, wazazi wengi hudhani ni ugonjwa wa kifua. Huenda tatizo likawa katika damu, iliyojaa asidi itokanayo na sukari.

Hatari hiyo inazihusu sana kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, ambako malaria huambukizwa mwaka mzima.

Glukosi ni sukari inayotumiwa na seli za mwili kupata nguvu. Palipo na oksijeni ya kutosha, molekuli moja ya glukosi huzalisha takribani vipimo 30 vya nishati. Oksijeni inapokosekana, seli hupata vipimo viwili tu, na kinachobaki ni asidi ya laktiki, ile ile inayozalishwa kwa wingi na misuli ya mwanariadha wa mbio fupi.

Kwa miaka mingi asidi hiyo ilihesabiwa kuwa taka. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 mwanasayansi George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, alieleza kwamba misuli na moyo huitumia tena kujipatia nguvu.

Seli za kinga nazo huitegemea sukari. Zinapoamka kupambana na maradhi, huitumia kwa wingi na kuitoa nje asidi inayobaki. Ikiwa nje tayari kumejaa asidi, seli hizo hushindwa kuitoa. Uchunguzi wa maabara, mwingi ukihusu saratani, umeonyesha kuwa katika hali hiyo seli hizo huzaana polepole na uwezo wao wa kushambulia hupungua.

Kwa mgonjwa wa malaria kali, asidi hutoka pande kadhaa. Vimelea vilivyo ndani ya chembe nyekundu za damu hula glukosi mara nyingi zaidi ya chembe isiyo na vimelea, kisha humwaga asidi ya laktiki. Chembe hizo pia hunata katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita, hivyo viungo hukosa oksijeni na kuzalisha asidi zaidi. Wakati huo huo ini, ambalo kwa kawaida huisafisha, huelemewa.

Mwili hujaribu kujiokoa kwa kuhema sana ili kuitoa asidi kupitia mapafu. Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu kiwango cha laktati cha milimoli 5 au zaidi kwa lita moja ya damu kuwa dalili ya malaria kali. Sukari ya damu nayo huweza kushuka mno na kumfanya mtoto apoteze fahamu.

Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1995 uliwahusu watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Kati ya 64 waliofariki, 54 walikuwa na shida ya kupumua au fahamu zilizofifia.

Kwa hiyo mtoto mwenye homa anayehema kwa shida, kulegea, kupata degedege au kushindwa kunyonya anapaswa kufikishwa hospitalini mara moja. Akiwa na uwezo wa kumeza, anyonyeshwe au apewe maji ya sukari njiani. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, kwani anaweza kupaliwa.

Hospitalini, dawa ya sindano ya artesuneti huua vimelea upesi. Utafiti wa mwaka 2010 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini.

Kinga inabaki kuwa bora kuliko tiba. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya Septemba 2019 katika Kaunti ya Homa Bay, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za majaribio. Chanjo hiyo haiondoi haja ya kulala ndani ya chandarua chenye dawa.