Kabla ya kuvuka mpaka kununua kompyuta ya studio, punguza mzigo

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Tuseme unauza vitenge. Mzigo wako umetoka Dar es Salaam, umeshapita Kobero, na keshokutwa utashushwa Bujumbura. Unataka tangazo la sekunde 30 lisikike redioni siku hiyohiyo, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Umeshalipa kianzio katika studio ndogo pale Buyenzi. Usiku simu inalia: tangazo halijakamilika, kompyuta inakatakata sauti. Prodyuza anasema dawa ni moja tu, mashine mpya.

Huenda hiyo siyo dawa. Na kwa kuwa fedha za kigeni ni adimu, ni vyema mfanyabiashara, awe mteja wa studio au muuzaji wa kompyuta za mtumba, ajue tatizo liko wapi kabla ya kufungua pochi.

Siku hizi sauti husafishwa na kupambwa kwa programu ndogo ziitwazo plagini. Ipo inayoongeza mwangwi, ipo inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, na ipo inayonyoosha sauti ya mwimbaji. Zote hula nguvu za prosesa. Kompyuta huandaa sauti kwa vipande vifupi, na kila kipande lazima kiwe tayari kabla kilichotangulia hakijamalizika kusikika. Kikichelewa, unasikia mkwaruzo au sauti inakatika. Hapo mashine si lazima iwe mbovu. Imebebeshwa kupita kiasi.

Lori moja kwa magunia yote

Hakuna mfanyabiashara anayekodi lori kwa kila gunia. Lakini studio nyingi hufanya hivyo kwa mwangwi. Chukua mfano wa kundi la wapiga ngoma. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, na kuirekodi vizuri kunahitaji maikrofoni nyingi. Ngoma 10 zenye maikrofoni 10 ni traki 10. Ukiweka plagini ya mwangwi kwenye kila traki, prosesa inafanya kazi hiyo mara 10.

Njia ya nafuu ni kufungua mkondo mmoja wa pembeni, kuweka humo mwangwi mmoja, kisha kila ngoma ipeleke kiasi chake huko. Kazi ya mwangwi inashuka kutoka plagini 10 hadi moja. Tena ngoma zote zinasikika kama zimepigwa katika ukumbi mmoja, jambo ambalo msikilizaji anapenda.

Kilichoiva kiepue

Plagini hufanya kazi upya kila unapobonyeza kitufe cha kucheza, hata kama uamuzi ulishafanyika jana. Sauti ya mtangazaji ikishanyooshwa na kila mtu akaridhika, haina haja ya kubaki jikoni. Igeuzwe kuwa faili la kawaida la sauti, kisha plagini zake zizimwe. Programu nyingi za kurekodi zina kitufe cha Freeze kwa kazi hiyo. Traki ya awali ihifadhiwe, ili mteja akibadili mawazo iwe rahisi kurudi nyuma.

FL Studio, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ina pia chaguo liitwalo Smart disable. Likiwashwa, plagini ambayo kwa wakati huo haitoi sauti hupumzishwa.

Bafa ndogo wakati wa kurekodi, kubwa wakati wa kuchanganya

Bafa ni ukubwa wa kipande cha sauti ambacho kompyuta inapewa kukiandaa. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 inaipa prosesa muda wa takriban milisekunde 3 tu. Bafa ya sampuli 1,024 inaipa takriban milisekunde 23.

Mwimbaji akiwa mbele ya maikrofoni, bafa iwe ndogo, la sivyo atajisikia kwa kuchelewa na kupoteza mdundo. Plagini nzito zizimwe, sauti irekodiwe kavu. Kazi ya kurekodi ikiisha, bafa ipandishwe, kwa kuwa wakati wa kuchanganya hakuna anayeimba. Studio nyingi huiacha bafa palepale kuanzia asubuhi hadi usiku, kisha lawama inaangukia kompyuta.

Vilevile hakuna haja ya kurekodi tangazo la redio kwa sampuli 96,000. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kazi, kwa tofauti ambayo msikilizaji wa redio ya sokoni hataisikia.

Joto na umeme

Bujumbura iko bondeni kando ya Ziwa Tanganyika, na joto lake tunalijua. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Feni iliyojaa vumbi, au laptopu iliyowekwa juu ya godoro, inaweza kuharibu kazi ambayo jana ilikwenda bila tabu. Umeme ukikatika na mashine ikahamia kwenye betri, nyingi hupunguza kasi pia ili kutunza chaji. Kabla ya kuchanganya, chomeka chaja na uchague hali ya nguvu ya juu katika mipangilio ya umeme.

Ukilazimika kununua

Kama yote hayo yamefanyika na mashine bado inakwama, basi tafuta nyingine. Hapa muuzaji wa mtumba asikilize. Usivutiwe na idadi ya viini vya prosesa peke yake. Plagini zilizopangwa mfululizo kwenye traki moja husubiriana, kwa hiyo mara nyingi zinabebwa na kiini kimoja. Ni kama wapagazi kumi mbele ya mlango mwembamba. Uliza pia kasi ya kila kiini, na hakikisha feni inafanya kazi. Iwashe mashine kwa nusu saa ikiwa na kazi nzito kabla ya kutoa pesa. Dakika za kwanza kila mashine ni hodari.

Nawe mwenye vitenge, simu ikilia usiku, usikimbilie kuongeza pesa. Muulize prodyuza mambo matatu: mwangwi uko mahali pamoja au kwenye kila traki? Sauti zilizokamilika zimegeuzwa kuwa faili? Bafa imepandishwa? Akijibu hapana hata kwa moja, mwambie aanzie hapo. Tangazo lako linaweza kuwa tayari kabla lori halijafika.