Tangi la Mtumba na Maji ya Chumvi

Wanajamii, hapa Greyville mtu akimaliza masomo huuza tangi lake la samaki kwa bei ya kutupa. Ukitaka kuligeuza la maji ya chumvi, muulize kwanza: samaki waliwahi kutibiwa kwa dawa yenye shaba? Shaba hunasa kwenye changarawe, halafu hutoka kidogo kidogo. Samaki huenda wakavumilia. Kamba, konokono na matumbawe, kwisha habari. Akisema ndiyo, mimi ningefuga samaki tu humo. Changarawe na sponji za zamani tupa kwa vyovyote.

Ule ukoko mweupe ni chokaa. Sabuni hapana! Paka siki, ngoja nusu saa, kwangua kwa wembe, ila silikoni usiiguse, itavuja. Suuza sana. Jiki ya kuua vijidudu iwe siku nyingine, madirisha wazi: ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na vyumba vyetu mnavijua. Suuza tena, anika likauke kabisa. Lijaze maji ya bomba siku nzima uone kama linavuja, ndipo ununue chumvi ya bahari ya matangi, siyo ya mezani: gramu 35 hivi kwa lita.